BARIDI YA USIKU: PASHA MWILI JOTO, JIKO LIBAKI NJE



Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Kama unakaa Makete, Njombe au Mufindi, huna haja ya kuambiwa. Unaamka alfajiri, maji ya kunawa yanauma vidole. Watoto hawataki kutoka kitandani. Kule uwanda wa Kitulo kuna asubuhi ambazo nyasi huwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda.

Sababu ya baridi hii ni kimo cha nchi. Kwa wastani, kila ukipanda mlima mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana katika usiku mmoja wa Julai, mtu wa Tanga hulala amejifunika shuka tu, na mtu wa Makete hulala na koti.

Baridi yenyewe tunaweza kuishinda. Lakini wapo watu waliokufa kwa sababu ya namna walivyojikinga nayo. Waliingiza jiko la mkaa chumbani. Wakafunga mlango na dirisha. Wakalala. Asubuhi jirani akabisha hodi, asipate wa kumwitikia.

Katika makala haya tutajifunza mambo mawili. Kwanza, kwa nini jiko la mkaa linaua. Pili, namna ya kulala na joto bila jiko hilo, hata kama nyumba yako haina umeme wa kutosha.

Kwa nini jiko la mkaa linaua

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu. Wataalamu huiita kaboni monoksaidi. Sisi tuiite sumu ya mkaa. Sumu hii haina rangi, haina harufu wala haina ladha. Huwezi kuiona. Huwezi kuinusa. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Inauaje? Fikiria basi linalobeba abiria. Damu yetu ni basi. Abiria wake ni hewa safi tunayovuta, ambayo hupelekwa kwenye moyo, ubongo na viungo vyote. Sumu ya mkaa ikiingia mapafuni, inawahi viti vya basi. Inavishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Basi linajaa sumu, na hewa safi inaachwa kituoni. Ubongo unakosa hewa. Mtu aliyelala hazinduki. Usingizi wake unageuka kuwa kifo.

Mambo yasiyo kweli

Watu husema mambo mengi kuhusu mkaa. Tuyaangalie.

Wengine husema, "Mkaa ukishakuwa mwekundu na moshi ukaisha, hauna sumu." Si kweli. Moshi unaweza kuisha kabisa na sumu ikaendelea kutoka.

Wengine husema, "Nimefunika moto kwa majivu, hauna shida." Si kweli. Makaa yaliyo chini ya majivu bado yanaungua taratibu, na bado yanatoa sumu.

Wengine huweka sufuria ya maji karibu na jiko, wakidhani maji yatanyonya sumu. Si kweli. Maji hayanyonyi sumu hii.

Wengine huacha dirisha wazi kidogo. Hiyo nayo haitoshi kwa mtu anayelala. Akilala hawezi kujua kama sumu imezidi.

Sheria ni moja tu: jiko lenye moto lisilale ndani na watu. Ukitaka kuota moto jioni, ota ukiwa macho, na mlango ukiwa wazi. Kabla ya kwenda kulala, toa jiko nje. Liweke mbali na mlango na dirisha, mahali ambapo mtoto hawezi kulikanyaga.

Dalili zake

Mtu aliyevuta sumu ya mkaa huumwa kichwa. Huona kizunguzungu. Husikia kichefuchefu, na pengine hutapika. Miguu hulegea. Maneno yake huchanganyika.

Dalili hizi hufanana na za malaria. Lakini kuna namna ya kuzishuku. Kama watu wote chumbani wanaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu, mshuku jiko.

Wanaodhurika upesi ni watoto, wazee, wajawazito na wenye upungufu wa damu. Mama mjamzito akivuta sumu, mtoto aliye tumboni naye huipata.

Ukimkuta mtu amezidiwa

Fanya haya kwa haraka:

1. Fungua milango na madirisha yote. Usikae ndani, maana sumu itakushika na wewe.
2. Mtoe mgonjwa nje kwenye hewa safi. Mlaze kwa ubavu kama anapumua. Mfunike blanketi.
3. Usimnyweshe maziwa wala kitu chochote kama hajitambui. Maziwa hayaondoi sumu hii, na yanaweza kumpalia.
4. Mpeleke hospitali mara moja. Mwambie mganga kwamba ndani kulikuwa na jiko la mkaa. Hospitali kuna hewa ya oksijeni ya kumsaidia.
5. Wote waliolala katika chumba hicho waende wakapimwe, hata kama wanajisikia vizuri.

Umeme wa sola una kazi yake

Siku hizi nyumba nyingi za vijijini zina sola. Ni maendeleo makubwa. Taa inawaka, simu inapata chaji, redio inasema. Basi mtu anajiuliza, "Kwa nini nisinunue mashine ya umeme ya kupasha chumba joto?"

Tupige hesabu. Mashine ndogo ya kupasha joto hula wati 1,000. Kubwa hula wati 2,000. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100, tena ikiwa nzima na imejaa, ina nguvu ya kuendesha wati 1,200 kwa saa moja. Lakini betri ya kawaida ya maji isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu yake ni 600. Kwa hiyo mashine ile ndogo ingewaka dakika 36 tu, kisha ungekaa gizani. Betri hiyohiyo ingewasha taa ya wati 5 kwa zaidi ya saa 100.

Basi usipoteze fedha zako. Acha sola iwashe taa. Joto tulitafute mahali pengine.

Pasha mwili, usipashe nyumba

Mwili wako ni jiko lisilo na sumu. Usiku na mchana unatengeneza joto, na ukiwa na afya hukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Blanketi halina moto ndani yake. Kazi yake ni kuzuia joto la mwili lisitoroke. Nyumba ya bati ni kubwa na ina mianya mingi, na kuipasha yote ni kazi kubwa. Kitanda ni kidogo. Pasha kitanda.

Anza na chini. Watu wengi hujifunika vizuri juu, lakini wamelala juu ya mkeka mtupu. Sakafu inanyonya joto lao usiku kucha. Jaza gunia safi nyasi kavu au maganda makavu ya mahindi, ulishone, ulale juu yake. Mchana wa jua, lianike nje pamoja na blanketi. Kitu chenye unyevu hakitunzi joto.

Badili nguo. Usilale na nguo ulizoshinda nazo shambani kama zina jasho au umande. Vaa nguo kavu. Nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, mara nyingi zina joto kuliko moja nzito, kwa sababu hewa iliyo katikati inatunza joto. Vaa soksi na kofia. Soksi zisibane.

Kula kabla ya kulala. Chakula ndicho kuni za mwili. Viazi na maharage, au bakuli la uji wa ulezi, vitakupa joto la usiku.

Tumia maji ya moto. Unapopika chakula cha jioni, bandika na maji. Yasubiri yapoe kidogo, yawe ya moto lakini yasiwe yanachemka. Yatie kwenye chupa ngumu isiyovuja. Kaza kifuniko. Izungushie kitambaa kizito, uiweke miguuni ndani ya blanketi. Usiiweke kwenye ngozi tupu, wala usimwekee mtoto mchanga, maana itamwunguza.

Ziba mianya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Weka gunia chini ya mlango. Ziba nyufa kwa udongo. Kama unaweza, weka dari chini ya bati, hata ya mikeka. Lakini matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta usiyazibe. Watu wanahitaji hewa, na chumba kisicho na hewa husaidia kifua kikuu kuenea.

Mtoto mchanga

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi sana. Asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita tangu kuzaliwa. Mfute, mkaushe, mvishe kofia na soksi.

Jiko bora la mtoto mchanga ni kifua cha mama. Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike pamoja. Mwaka 1978 waganga wa mji wa Bogotá, huko Kolombia, walianza kuwatunza hivi watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa sababu vifaa vya kuwapasha joto vilikuwa haba. Leo njia hii inatumika hospitalini katika nchi nyingi, na kwetu Tanzania pia. Baba naye anaweza kumbeba mtoto hivyohivyo, mama akipumzika.

Mtoto akiwa wa baridi tumboni na miguuni, akilegea na kukataa kunyonya, mpeleke zahanati upesi. Njiani awe kifuani.

Wanaolala kwenye magari na kambini

Ndugu zetu wengi hulala nje ya nyumba. Wapo madereva na matingo wa malori ya mbao na viazi. Wapo wapasua mbao kambini, na walinzi kwenye vibanda. Kwao hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mahali wanapolala ni padogo. Kadiri chumba kinavyokuwa kidogo, ndivyo sumu inavyokijaza upesi.

Usiingize jiko ndani ya gari, hata kwa muda mfupi. Usilale ukiwa umeacha injini inaunguruma. Moshi wa injini nao una sumu hiyohiyo. Beba blanketi mbili, kofia na nguo kavu. Hivyo ndivyo vitakuvusha.

Na pombe je? Ukinywa ulanzi au komoni unajisikia joto usoni. Joto hilo linatoka ndani ya mwili na kupotelea nje. Tena mlevi hasikii baridi, wala haamki sumu ikimshika.

Tukajadili

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Hawakuishia kwenye maneno. Nasi tufanye hivyo.

Msomee makala haya jirani yako asiyejua kusoma. Kisha jadilini katika kikundi chenu:

1. Katika kitongoji chetu, ni nyumba ngapi hulala na jiko ndani?
2. Ni wazee gani wanaoishi peke yao, wasio na blanketi? Nani atawasaidia, na lini?
3. Mtu akizidiwa usiku, nani ana chombo cha kumfikisha hospitali?

Leo jioni, kabla hujazima taa, tazama chumbani mwako. Kama jiko limo ndani, litoe. Kisha wafunike watoto, nawe ulale salama.