Doyle Dane Bernbach

Doyle Dane Bernbach (kwa kifupi DDB) ilikuwa kampuni ya matangazo ya biashara nchini Marekani. Ilianzishwa katika jiji la New York tarehe 1 Juni 1949 na watu watatu: Ned Doyle, Maxwell Dane na William Bernbach. Inakumbukwa hasa kwa matangazo ya gari la Volkswagen yaliyoanza mwaka 1959, kwa matangazo ya Avis, kampuni ya kukodisha magari, na kwa tangazo moja la kisiasa la mwaka 1964 ambalo lililipiwa kurushwa mara moja tu lakini linajadiliwa hadi leo. Utaratibu wake wa kumkalisha mwandishi na msanifu wa picha pamoja tangu mwanzo wa kazi umekuwa jambo la kawaida katika kampuni za matangazo duniani.

Hali ya biashara ya matangazo kabla ya DDB

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni kubwa za matangazo za Marekani zilikuwa na ofisi zao katika barabara ya Madison, New York, au karibu nayo. Jina la barabara hiyo likawa jina la biashara yenyewe. Kwa desturi kampuni hizo zililipwa asilimia 15 ya gharama ya nafasi iliyonunuliwa katika gazeti, redio au televisheni. Kwa hiyo mteja aliyetumia fedha nyingi ndiye aliyebembelezwa zaidi, na ilikuwa salama kumpa kile alichokizoea.

Kazi yenyewe ilifuata mpangilio wa kiwandani. Mwandishi alitunga maneno, kisha karatasi ikapelekwa kwa msanifu ambaye kazi yake ilikuwa kutafuta picha ya kuyapamba. Mara nyingi wawili hao hawakukutana. Mafundisho yaliyotawala yalisema kwamba bidhaa ipewe dai moja, na dai hilo lirudiwe mpaka likae kichwani mwa mnunuzi. Rosser Reeves wa kampuni ya Ted Bates ndiye aliyekuwa mtetezi mkubwa wa njia hiyo, na kwa haki yake ni lazima isemwe kwamba iliuza bidhaa nyingi.

Jambo lingine lilikuwa la kijamii. Nafasi nzuri katika kampuni kubwa zilishikwa zaidi na Waprotestanti wenye asili ya Uingereza waliosoma katika vyuo vya heshima. Wayahudi, Waitalia na Wagiriki walipata kazi zaidi katika kampuni ndogo zilizotangaza nguo na maduka.

Waanzilishi

William Bernbach alizaliwa mwaka 1911 katika mtaa wa Bronx, New York, katika familia ya Kiyahudi. Alisoma Chuo Kikuu cha New York, akafanya kazi katika kampuni ya pombe, kisha akawa mwandishi katika ofisi ya maonyesho ya kimataifa ya New York ya mwaka 1939. Baadaye, katika kampuni ya William Weintraub, alifanya kazi bega kwa bega na msanifu Paul Rand. Hapo ndipo alipoona kwamba maneno na picha vikizaliwa pamoja hutoa kitu ambacho kila kimoja peke yake hakiwezi kukitoa.

Baada ya vita aliingia kampuni ya Grey, akapanda hadi kusimamia kazi zote za ubunifu. Mnamo Mei 1947 aliwaandikia wakuu wake barua ya kuwaonya kwamba kampuni ikikua inaweza kuanza kuabudu mbinu na kusahau maana ya kazi yenyewe. Barua hiyo haikubadilisha kitu pale Grey, lakini leo husomwa na wanafunzi wa fani hii kama hati ya mwanzo wa DDB.

Ned Doyle, aliyekuwa naye Grey, alikuwa hodari wa kushughulika na wateja. Maxwell Dane, mzaliwa wa Cincinnati, alikuwa na kampuni yake ndogo, na ndiye aliyebeba fedha na utawala. Majina yao yaliandikwa bila alama ya mkato kati yake, na wenyewe walifanya mzaha kwamba hakuna kitakachoingia kati yao, hata nukta. Walianza na wafanyakazi 13 hivi.

Mteja wa kwanza alikuwa Ohrbach's, duka la nguo za bei nafuu ambalo Bernbach alilihudumia tangu akiwa Grey. Mwenye duka, Nathan Ohrbach, ndiye aliyemhimiza ajitegemee. Tangazo moja la mwanzo lilionyesha mwanamume amembeba mkewe kwapani kama sanduku, likiahidi kwamba kwa dola chache duka litampa mwanamke mpya. Mzaha ambao leo usingepita. Lililodumu zaidi ni la mwaka 1958: picha ya paka aliyevaa kofia ya kike, akimsengenya jirani anayependeza kupita kipato chake, hadi inagundulika kwamba siri yake ni duka la Ohrbach's. Liliandikwa na Judy Protas na kusanifiwa na Bob Gage.

Watu wa DDB

Bernbach alitoka Grey pamoja na Gage na mwandishi Phyllis Robinson. Robinson akawa mkuu wa waandishi tangu siku ya kwanza, cheo ambacho wakati ule mwanamke alikipata kwa nadra sana. Chini yake walipita wanawake kadhaa waliokuja kuwa na majina makubwa, wakiwemo Protas, Paula Green na Mary Wells. Mwaka 1966 Wells alianzisha pamoja na wenzake kampuni ya Wells Rich Greene, na baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la New York.

Upande wa wasanifu kulikuwa na Helmut Krone, mtoto wa wahamiaji Wajerumani, na George Lois, mtoto wa wahamiaji Wagiriki. Watu wa namna hii hawakujifunza lugha ya matangazo katika klabu za mabwana wakubwa. Waliisikia mitaani, na matangazo yao yaliongea hivyo. Mfano mzuri ni yale ya mkate wa Levy's, uliooka kwa nafaka ya rai kwa mtindo wa Wayahudi wa New York. Yalionyesha watu wasioweza kudhaniwa kuwa Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kama mwenyeji wa asili wa Marekani, mtoto mweusi na askari polisi, kila mmoja akifurahia kipande chake, chini ya maneno yaliyosema kwamba si lazima uwe Myahudi ili uupende mkate huo. Mabango yalibandikwa katika vituo vya treni za chini ya ardhi, na inasimuliwa kwamba Malcolm X aliomba apigwe picha kando ya mojawapo.

Volkswagen

Mwaka 1959 Carl Hahn, mkuu wa Volkswagen nchini Marekani, alikuwa akitafuta kampuni ya matangazo. Gari lake dogo lenye umbo la mgongo wa kobe lilikuwa tayari linauzwa vizuri; si kweli kwamba DDB ililifufua kutoka kaburini. Kilichomtia hofu ni kwamba viwanda vya Detroit vilikuwa karibu kuleta magari madogo yao wenyewe.

Kwa DDB uamuzi haukuwa mwepesi. Gari hilo lilibuniwa kwa amri ya Adolf Hitler, na kiwanda cha Wolfsburg kiliwatumikisha wafungwa wakati wa vita. Miaka 14 tu ilikuwa imepita. Wakurugenzi wawili kati ya watatu walikuwa Wayahudi, na vilevile wafanyakazi wengi. Lois amesimulia kwamba mwanzoni alikataa kuligusa. Kazi ikakubaliwa hata hivyo, na Bernbach akasafiri na watu wake hadi Wolfsburg kutazama gari linavyoundwa. Mwandishi Julian Koenig, ambaye naye alikuwa Myahudi, na msanifu Krone wakapewa kazi hiyo.

Matangazo ya magari ya siku zile yalichorwa kwa rangi na kurefushwa ili gari lionekane kubwa kuliko lilivyo, likiwa limeegeshwa mbele ya jumba la kifahari. Krone alifanya kinyume. Alitumia picha nyeusi na nyeupe iliyochukua theluthi mbili za ukurasa, kichwa kifupi chini yake, na safu tatu za maandishi ya kawaida. Katika tangazo maarufu kuliko yote gari lenyewe ni doa dogo kwenye kona ya juu ya ukurasa mtupu, na kichwa kinamwambia msomaji afikirie udogo. Wamarekani walikuwa wamezoea kuhimizwa wafikirie ukubwa, kwa hiyo maneno mawili tu yaliwatosha kuelewa kwamba wanataniwa. Inasemekana Krone hakuridhika na kazi yake, akaenda likizo amekata tamaa, na aliporudi akajikuta mtu mashuhuri.

Tangazo lililofuata lilikuwa na ujasiri zaidi. Chini ya picha ya gari liliandikwa neno moja: limau. Kwa Kiingereza cha Marekani limau ni jina la dharau la gari bovu lililomtia mnunuzi hasara. Msomaji aliyeshtuka alisoma chini yake kwamba gari lile lilizuiwa kuondoka kiwandani kwa sababu utepe wa kromu kwenye kisanduku cha dashibodi ulikuwa na dosari, na kwamba Wolfsburg ina wakaguzi 3,389 wasio na kazi nyingine. Kosa lililokiriwa likageuka kuwa ushahidi wa uangalifu. Ni njia ambayo mfanyabiashara mzuri wa sokoni anaijua: anayekuonyesha embe lililopondeka unamwamini anapokusifia lile zima.

Mwaka 1968 mauzo ya gari hilo nchini Marekani yalizidi 400,000. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliyataja matangazo ya Volkswagen kuwa bora ya karne ya 20.

Avis

Mwaka 1962 Robert Townsend alichukua uongozi wa Avis, iliyokuwa imepata hasara kwa miaka mingi na iliyoachwa mbali na Hertz. Bernbach alimpa masharti: DDB ipewe siku 90 za kuichunguza kampuni, kisha Avis ichapishe matangazo kama yalivyo bila kubadilisha neno. Townsend alikubali.

Paula Green na Krone walirudi na wazo ambalo wateja wengi wangelitupa. Tangazo lilikiri kwamba Avis ni ya pili, na kwa sababu hiyo inajitahidi zaidi. Katika majaribio watu wengi hawakulipenda, kwani Marekani si nchi ya kujivunia nafasi ya pili, lakini Bernbach alilishikilia. Ahadi hiyo iliwabana wafanyakazi wa Avis pia: gari lenye kisahani cha majivu kilichojaa liligeuka kuwa aibu ya hadharani. Ndani ya mwaka mmoja kampuni ilitoka kwenye hasara na kupata faida. Hertz ilinyamaza hadi 1966, ilipojibu kwa matangazo yake yenyewe.

Tangazo la 1964

Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1964 chama cha Democratic kiliiajiri DDB kumtangaza Lyndon Johnson dhidi ya Barry Goldwater, aliyekuwa amezungumza kwa wepesi kuhusu silaha za nyuklia. Usiku wa tarehe 7 Septemba, katikati ya filamu kwenye televisheni ya NBC, watazamaji walimwona mtoto wa kike akinyofoa petali za ua na kuzihesabu kwa kukoseakosea. Sauti ya mwanamume ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, kamera ikaingia ndani ya jicho la mtoto, na bomu la nyuklia likalipuka. Kisha ikasikika sauti ya Johnson.

Goldwater hakutajwa popote. Ndiyo maana tangazo lilikuwa kali: mtazamaji alileta hofu yake mwenyewe. Warepublican walilalamika, na vipindi vya habari vikalirudia bure mbele ya mamilioni ya watu. Johnson alishinda kwa takriban asilimia 61 ya kura, ingawa alikuwa akiongoza hata kabla ya hapo, na haiwezekani kusema tangazo lilimpa kura ngapi. Kilicho wazi ni kwamba ufundi uliotumika kuuza gari kwa ukweli na ucheshi ulitumika hapa kuamsha woga, na matangazo ya kampeni ya Marekani yameufuata mfano huo tangu wakati ule.

Kumbukumbu yake haikufutika. Mwaka 1973 ilipofichuliwa orodha ya maadui wa Rais Richard Nixon, kati ya majina 20 ya kwanza lilikuwemo la Maxwell Dane, kwa sababu kampuni yake ilidaiwa kummaliza Goldwater. Dane, mtu wa mahesabu ambaye hakuandika tangazo lile, alifariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 98.

Ugomvi juu ya sifa

Kazi ya wawili wawili ina tatizo lake: wazo likifanikiwa, ni la nani? Tony Schwartz, mtaalamu wa sauti aliyeshirikishwa katika tangazo la 1964, alidai wazo la msingi ni lake, na watu wa DDB walimpinga. Koenig na Lois waliondoka mwaka 1960 kuanzisha kampuni pamoja na Fred Papert, lakini uzeeni Koenig alimlaumu Lois hadharani kwa kujitwalia kazi za wengine, Lois alikanusha. Hata neno la limau hutajwa kuwa pendekezo la mwandishi mwingine, Rita Selden.

Miaka ya baadaye

DDB iliuza hisa kwa umma mwaka 1964. Bernbach alifariki kwa saratani ya damu tarehe 2 Oktoba 1982. Wakati huo kampuni ilikuwa ikishughulikia matangazo ya zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Mwaka 1986 iliungana na BBDO na Needham Harper chini ya kampuni mama mpya, Omnicom, na kwa muda ikaitwa DDB Needham. Mwishoni mwa mwaka 2025, baada ya kuinunua kampuni shindani ya Interpublic, Omnicom ilitangaza kwamba jina la DDB litaachwa na ofisi zake kuunganishwa na TBWA.