Kitabu cha Bao Kikichapwa Upya, Kanuni Ziguswe?

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kwa karne nyingi kanuni zake zilikaa vichwani mwa wazee. Kijana alijifunza kwa kukaa kando ya wachezaji. Akikosea, alikemewa papo hapo. Vita vya mwaka 1991 viliwatawanya Wabajuni wa Chovae na visiwa jirani hadi Lamu, Malindi na Mombasa. Aliyekulia ugenini, mbali na baraza za kwao, hana budi kutegemea maandishi. Basi kitabu cha kanuni kikichapwa upya, je, zirekebishwe?

Tuitazame takasia, kanuni inayogombanisha hata mabingwa. Katika mtaji, mchezaji asiye na la kula hutakasa. Iwapo mwenzake naye hana la kula, na shimo lake moja tu liko hatarini, shimo hilo limetakasiwa: haruhusiwi kulichukua na kuzikimbiza kete zake. Isipokuwa likiwa ni nyumba. Au likiwa peke yake mbele lenye kete. Au peke yake mbele lenye kete zaidi ya moja. Mwandishi akiziacha hizo "isipokuwa", mmoja atadai mwenzake amefungwa na ameshindwa, na mwenzake atafungua kitabu asikute jibu. Kuziongeza ni kuukamilisha mchezo, wala si kuubadili.

Lakini kuifuta takasia kwa kuwa watoto huona ngumu ni jambo jingine kabisa. Wanaoanza wana bao lao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo. Alex de Voogt, aliyeandika tasnifu yake ya Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao, aliwafuata Zanzibar akajifunza kwao; hakuwatungia kanuni.

Huko Marekani kuna mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa, Dungeons & Dragons, ulioanza mwaka 1974. Mwaka 2008 wenye mchezo walitoa vitabu vyenye kanuni zilizogeuzwa sana. Wengi walikataa, na mwaka 2009 kampuni nyingine ikauza Pathfinder, uliojengwa juu ya kanuni za awali. Jamii moja ya wachezaji ikawa mbili.

Mpira wa miguu nao ulibadilika mwaka 1992, golikipa alipokatazwa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake makusudi. Lakini hapo lilitoka tangazo moja, likafuatwa dunia nzima. Bao halina mamlaka inayotiiwa na kila baraza ya mwambao.

Kwa hiyo mchapishaji asahihishe maneno, ajaze mapengo, na penye desturi mbili aziandike zote mbili, akitaja kila moja ni ya wapi. Akithubutu kubadili, aandike mwaka wa badiliko juu ya jalada. Askari wawili bwaloni, mmoja na nakala kuukuu, mwingine na mpya, wajue hitilafu hiyo kabla hawajaweka kete sita nyumbani.