Ufukwe ni wa nani? Funzo la Forodhani na Mambo Msiige

Jua linapokaribia kutua mjini Zanzibar, bustani ya Forodhani hujaa watu. Wachuuzi huwasha majiko ya mishikaki na pweza, wengine hukamua miwa, na wavulana wa mjini hupokezana kujirusha baharini kutoka kwenye ukuta wa pwani huku wageni wakiwapiga picha. Hakuna anayelipa kiingilio. Mzee aliyekuja kupunga upepo hukaa karibu na mtalii aliyeshuka kutoka ndege ya jana.

Mwendo wa dakika chache kutoka hapo, upande wa Shangani, iko hoteli ya Park Hyatt, iliyofunguliwa mwaka 2015. Sehemu ya hoteli hiyo imo ndani ya jumba la kale la Mambo Msiige, na sehemu nyingine ni jengo jipya lililosimamishwa kando yake, mahali ambapo hapo awali palikuwa na uwanja wa wazi unaotazama bahari.

Maeneo haya mawili yako katika mji mmoja na ufukwe mmoja, na yote mawili yalifanyiwa mabadiliko makubwa ndani ya kipindi cha miaka kumi. La kwanza lilirudishwa kwa umma. La pili lilizusha mvutano uliofika hadi katika vikao vya Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO. Tofauti kati ya hatima zake inaeleza kwa nini mijadala ya mipango miji katika pwani ya Afrika Mashariki mara nyingi huwa mikali, na kwa nini mara nyingi huchelewa.

Bustani iliyorudi kwa wenyewe

Forodhani ilipata sura ya bustani mwaka 1936, wakati wa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub. Kabla ya hapo eneo hilo la mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib lilikuwa la shughuli za bandari na forodha, na ndiko lilikotoka jina lake.

Kufikia miaka ya mwanzo ya karne hii, bustani ilikuwa imechakaa. Ukuta wa bahari ulikuwa unaliwa na mawimbi, taa zilikuwa hazitoshi na maji machafu hayakuwa na njia ya uhakika. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulichukua jukumu la kuifanyia ukarabati. Bustani ilifungwa, wachuuzi wakahamishwa kwa muda, na mjini zikaanza kusikika shaka ambazo mtu yeyote angeweza kuzitarajia: je, ikifunguliwa tena, mtu wa kawaida ataruhusiwa kuingia? Mchuuzi wa urojo atapata nafasi yake?

Bustani ilifunguliwa upya mwishoni mwa Julai 2009. Ukuta ulikuwa umeimarishwa, njia zimetengenezwa na wachuuzi wamepewa mahali pao. Wapo waliolalamika kwamba pamekuwa pasafi mno kiasi cha kupoteza ladha ya zamani, lakini lango halikuwekwa. Forodhani ilibaki Forodhani.

Jumba na uwanja wake

Mambo Msiige lilijengwa katikati ya karne ya 19. Jina lenyewe ni la majivuno, kama kwamba mwenye nyumba aliwaambia majirani wasijaribu kuiga alichokifanya. Katika maisha yake marefu jumba hilo limewahi kutumiwa na Waingereza, likawa hospitali ya Wazungu, na baadaye likawa na ofisi za serikali. Ni miongoni mwa majengo yaliyopewa daraja la juu kabisa la hifadhi katika Mji Mkongwe, mji ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Uamuzi wa kulikodisha jumba hilo kwa mwekezaji, pamoja na uwanja ulio kando yake, uliwagawa watu.

Waliounga mkono walikuwa na hoja nzito. Majengo ya Mji Mkongwe ni ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na yasipotunzwa kila mwaka huoza kwa mvua na chumvi. Serikali haina fedha za kuyatengeneza yote. Utalii ni mhimili mkuu wa uchumi wa visiwa, na hoteli kubwa huleta ajira na kodi. Yaliyotokea baadaye kwa Beit al-Ajaib yaliipa hoja hiyo nguvu ya kusikitisha: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo la mwaka 1883 iliporomoka wakati wa kazi za ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kuliacha jengo la kale bila ya mwenyewe nako ni kulibomoa, ila kwa taratibu.

Waliopinga hawakukataa kwamba jumba lilihitaji kutengenezwa. Pingamizi lao kubwa lilihusu uwanja. Katika mji wenye vichochoro vyembamba, nafasi ya wazi inayofika baharini ni ya thamani kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Ndipo watoto wanapochezea mpira, ndipo upepo unapoingilia mitaani, na ndipo sura ya mji inapoonekana kwa anayekuja kwa jahazi au boti. Jengo jipya hapo lingebadilisha yote matatu kwa wakati mmoja.

UNESCO yaingia kati

Kamati ya Urithi wa Dunia ililijadili suala hilo katika vikao vyake, ikiwa ni pamoja na vile vya Phnom Penh mwaka 2013 na Doha mwaka 2014. Wataalamu walitumwa Zanzibar kuangalia hali ilivyo. Malalamiko ya Kamati yalikuwa ya aina mbili: ukubwa wa jengo jipya ukilinganisha na majirani zake, na ukweli kwamba ujenzi uliendelea wakati ushauri juu yake ulikuwa bado haujatekelezwa.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo mara nyingi halieleweki. UNESCO haina mamlaka ya kusimamisha ujenzi katika nchi yoyote. Silaha yake ni orodha. Inaweza kuliweka eneo katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwisho kabisa inaweza kuliondoa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Adhabu hiyo ya mwisho imetolewa mara tatu tu: kwa hifadhi ya choroa wa Arabuni nchini Oman mwaka 2007, kwa bonde la mto Elbe mjini Dresden, Ujerumani, mwaka 2009 kwa sababu ya ujenzi wa daraja, na kwa Liverpool, Uingereza, mwaka 2021.

Kisa cha Liverpool kinafanana na cha Zanzibar kuliko kinavyoonekana. Huko pia ubishi ulikuwa juu ya ufukwe: majengo mapya katika gati za zamani, pamoja na uwanja wa mpira wa klabu ya Everton. Wakuu wa mji walichagua ujenzi na wakapoteza hadhi. Zanzibar haikufikishwa huko. Hoteli ilifunguliwa, na Mji Mkongwe ukabaki katika orodha, ukiwa na onyo.

Milango mitatu

Ili kuelewa kwa nini kelele za wananchi hazikubadilisha mengi, ni lazima kuangalia hatua ambazo mradi wowote wa ufukweni hupitia.

Hatua ya kwanza ni mpango mkuu wa mji, unaoonyesha wapi pajengwe na wapi pabaki wazi. Ya pili ni mkataba wa kukodisha ardhi. Ya tatu ni kibali cha ujenzi, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira na urithi.

Katika mlango wa kwanza mwananchi anaweza kuuliza kama mradi unahitajika. Katika wa pili anaweza kuuliza nani atafaidika, na kwa miaka mingapi. Akifika katika wa tatu, kilichobaki ni urefu wa jengo, rangi ya kuta na upana wa njia ya kupita. Mkataba ukishatiwa saini, kuuvunja kunaweza kuigharimu serikali fidia, na kila ofisa anayeulizwa hujibu kwamba mambo yamekwisha.

Mjadala wa Mambo Msiige ulipamba moto katika mlango wa tatu.

Sheria zinasema nini

Sheria za kanda hii hazilingani. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, ingawa Zanzibar ina sheria zake yenyewe za mazingira na ardhi. Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inatamka kwamba ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, na inaitaka serikali kuhimiza wananchi washiriki katika kuyatunza mazingira.

Hata hivyo maandishi ni jambo moja na ratiba ni jingine. Mjini Mombasa, eneo la Mama Ngina lilifanyiwa ukarabati wa haraka mwaka 2019, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za kitaifa za Mashujaa zikafanyika hapo hapo. Tarehe ya sherehe ikishapangwa, muda wa kusikiliza raia hupungua.

Tatizo hili si la Afrika peke yake. Mjini Sydney, Australia, bandari ya zamani ya Barangaroo iligeuzwa eneo la bustani, ofisi na starehe. Mpango wa awali uliitaka hoteli ijengwe juu ya gati ndani ya maji. Baada ya upinzani mkubwa ilihamishiwa nchi kavu, lakini kwenye ardhi iliyokuwa imepangiwa bustani, na mnara wenye urefu wa mita 271 ukafunguliwa mwishoni mwa mwaka 2020. Kwa upande mwingine, sehemu ya kaskazini ilifanywa bustani ya umma na kufunguliwa mwaka 2015. Mhamiaji anayeishi Rooty Hill, kitongoji kilicho yapata kilomita 40 magharibi mwa katikati ya jiji, anaweza kupanda treni na watoto wake na kukaa hapo bure siku nzima. Kwa familia ya kipato kidogo, hilo si jambo dogo.

Swali la kuuliza mapema

Miradi mingine ya ufukweni itakuja, kuanzia Lamu hadi Mtwara. Mingine itakuwa ya manufaa, na pasipo fedha za wawekezaji baadhi ya majumba ya kale hayataiona karne ijayo. Kwa hiyo anayeuliza maswali hapaswi kuitwa adui wa maendeleo, na anayeleta mtaji hapaswi kuitwa mnyang'anyi kabla hajasikilizwa.

Lakini Forodhani na Mambo Msiige zinaonyesha kwamba swali lina wakati wake. Wakazi wa mji wa pwani wanaposikia kwamba kuna mchoro wa jumba jipya la starehe, la kwanza kuulizia si mchoro. Ni mkataba: je, umeshatiwa saini? Kama bado, kuna mjadala. Kama tayari, wahenga walikwisha kusema kwamba maji yakimwagika hayazoleki.