Kwao Mkaratusi ni Wapi?

Ukisimama kando ya mto Nabuyonga hapa Mbale, ukatazama upande wa mlimani, utaona miti mirefu iliyonyoka, yenye shina jeupe laini na majani membamba yanayoning'inia. Sisi huiita kalitunsi. Kwa Kiswahili ni mikaratusi. Wengi wetu tulizaliwa tukaikuta, tukadhani ni miti ya mababu. Sivyo. Mti huu ni mgeni, na mgeni humjui vizuri mpaka uijue nchi aliyotoka.

Mikaratusi ni ya aina zaidi ya 700. Karibu zote asili yake ni Australia. Chache ni za New Guinea, Timor na visiwa vya jirani. Ya asili ya Afrika hakuna hata moja. Jina lake la kitaalamu, Eucalyptus, lilitolewa na Mfaransa L'Héritier mwaka 1788. Limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kufunikwa vizuri", kwa sababu ua lake kabla ya kuchanua huvaa kifuniko kama kofia ndogo. Aina iliyopandwa sana hapa Uganda ni Eucalyptus grandis, yaani mkaratusi mkubwa.

Kwao ni pwani ya mashariki ya Australia, kuanzia karibu na mji wa Newcastle mpaka kaskazini ya Queensland. Huko huota mabondeni na kandokando ya misitu minene, penye udongo mzito wenye rutuba na mvua ya milimeta 1,000 na zaidi kwa mwaka. Hukua mpaka ukapita miti yote; mmoja ulio karibu na Bulahdelah una urefu wa zaidi ya meta 70. Chini yake kuna miti midogo na majani ya kila namna. Popo wakubwa hunywa utamu wa maua yake, wadudu hula majani yake, na wanyama wadogo hulala katika mashimo ya miti mizee. Kila kiumbe huchukua kidogo, na mti una jamaa zake.

Ulifikaje kwetu? Wazungu waliuleta kwa haja ya kuni. Huko Kenya mikaratusi ilianza kujaribiwa mwaka 1902 ili kulisha injini za Reli ya Uganda. Hapa Uganda ililetwa yapata mwaka 1912, kwa kuni za miji na kwa kukausha mabwawa yenye mbu. Angalia neno hilo, msomaji: kukausha. Waliouleta walijua kwamba mti huu ni mnywaji.

Faida zake siwezi kuzikana. Katika miaka 8 hadi 10 hutoa nguzo za umeme. Kabla ya hapo hutoa kuni na miti ya kujengea. Babu yangu alipanda mikaratusi karibu na chemchemi, akaikata, akaiuza, nami nikalipiwa ada. Visiki vilichipua upya, kwa hiyo hakununua hata miche. Lakini chemchemi ile, ambayo zamani ilijaza mtungi upesi, siku hizi wakati wa kiangazi hutoa matone tu. Babu husema ni jua kali.

Jambo hili lilipimwa Afrika Kusini. Mahali paitwapo Mokobulaan, wataalamu walipanda mikaratusi ya aina hii mwaka 1969 katika bonde la nyasi lenye kijito. Baada ya miaka 9 kijito kilikauka kabisa. Miti ilikatwa ilipokuwa na miaka 16. Hata hivyo ilipita miaka mingine 5 hivi ndipo maji yaliporudi sawasawa. Sababu ni kwamba mizizi ilikuwa imenyonya hata maji yaliyowekwa chini sana tangu zamani, na udongo ulitaka kushiba kwanza.

Tena kuna jambo la pili. Mikaratusi ikipandwa kwa kusongamana, na majani yake makavu yakazolewa kuwa kuni, ardhi chini yake hubaki tupu, na mvua huuchukua udongo. Mwishoni mwa Julai 2022 Nabuyonga ilifurika ikaua watu mjini petu. Sisemi kwamba mkaratusi ndio ulioleta mafuriko yale. Nasema kwamba ukingo wa mto unahitaji nyasi, mianzi, mikuyu na miti mingine ya kwetu inayoshika udongo. Kanuni za serikali za mwaka 2000 hutenga ukanda wa meta 30 kando ya mito, na meta 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa.

Basi, tuung'oe? La. Wakati wa likizo nilimwambia babu haya yote. Akanijibu, "Mjukuu wangu, miti hii ndiyo iliyokusomesha." Nikasema, "Kweli, babu, nami nakushukuru. Lakini maji ndiyo yaliyotulea sote." Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama ule mteremko mkavu wa juu unaweza kufaa. Nilimwambia unafaa, mradi uwe mbali na maji.

Mgeni mwema hupewa kiti, wala hapewi mtungi wa nyumba nzima. Mkaratusi tuupe mahali pake, na Nabuyonga tuiachie kingo zake.