Maua ya msimu wa vuli Dar es Salaam

Maua ya msimu wa vuli Dar es Salaam ni maua ya bustanini na mwituni yanayochanua katika jiji hilo la Tanzania na viunga vyake, kama vile Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, hasa kati ya Septemba na Desemba. Baadhi yake hupandwa kwa ajili ya uzuri au harufu; mengine huota yenyewe fukweni, kwenye viwanja vilivyo wazi na katika mabaki ya misitu ya pwani.

## Majira

Katika nchi za baridi mimea huchanua kwa wingi joto linaporudi baada ya majira ya baridi. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini kwa ikweta, na joto lipo mwaka mzima. Kinachobadilika ni mvua. Masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kati yake kuna miezi mikavu ya Juni hadi Septemba.

Kwa sababu hiyo mimea mingi hufuata mvua. Baadhi ya miti huchanua mwishoni mwa ukavu, kabla mvua hazijaanza. Mimea yenye matunguu au viazi ardhini husubiri mvua za kwanza, kisha huchipua na kuchanua kwa haraka.

## Bustani na mitaa

Maua mengi ya bustani za jiji yana asili ya nchi nyingine. Mkrismasi (*Delonix regia*) ulitoka Madagaska, na umeitwa hivyo kwa kuwa huchanua Novemba na Desemba. Hutambulikana kwa maua mekundu yenye petali tano, moja kati yake ikiwa na madoa meupe au ya njano, na kwa maganda marefu magumu yanayoning'inia baadaye. Mjohoro (*Senna siamea*) kutoka Asia ya Kusini-Mashariki una maua ya njano yaliyosimama katika vishada.

Bougainvillea, inayopandwa sana kwenye nyuzio, ina asili ya Amerika Kusini. Sehemu yake yenye rangi ya zambarau, nyekundu au ya machungwa si petali bali ni majani yaliyobadilika. Maua yenyewe ni madogo, meupe, na yamo katikati. *Catharanthus roseus* ni mmea mfupi wa uani wenye maua ya waridi au meupe ya petali tano, nao pia ni wa Madagaska. Ndani yake zilipatikana dawa za saratani vinkristini na vinblastini.

Maua mengine hupandwa kwa harufu. Asumini (*Jasminum sambac*) ni meupe na hufunguka jioni. Langilangi (*Cananga odorata*) lina petali ndefu zilizolegea, kijani mwanzoni na njano linapokomaa. Wanawake wa pwani huyachanganya na mrehani kutengeneza kikuba, fungu dogo la maua linalovaliwa hasa katika sherehe.

## Fukwe na misitu

Mlakasa (*Ipomoea pes-caprae*) hutambaa kwenye mchanga wa fukwe na kuuzuia usipeperushwe. Maua yake ya zambarau yenye umbo la tarumbeta hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Mbuyu hufanya kinyume: ua lake kubwa jeupe hufunguka jioni, huchavushwa hasa na popo wanaokula matunda, na huanguka baada ya siku moja hivi. Anayepita chini ya mbuyu asubuhi huyaona maua ya jana yakiwa yametapakaa.

Mabaki ya misitu ya pwani yaliyo karibu na jiji ni pamoja na Pande, upande wa kaskazini-magharibi, na Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe katika Mkoa wa Pwani. Katika misitu ya pwani huota mkongo (*Afzelia quanzensis*), mti ambao ua lake lina petali moja tu, nyekundu. Jina la Pugu limo katika spishi *Baphia puguensis*, mti mdogo wa jamii ya kunde wenye maua meupe, ambao haupatikani nje ya Tanzania.

Ua linaloonekana kwa ghafla zaidi baada ya mvua ni *Scadoxus multiflorus*. Shina moja hutoka kwenye tunguu na kubeba tufe jekundu la maua madogo ambayo huweza kufikia 200. *Gloriosa superba* hupanda vichakani kwa kujishika kwa ncha za majani yake. Petali zake nyekundu zenye kingo za njano hujikunja kuelekea juu.

## Utambuzi

Rangi pekee haitoshi, kwa kuwa spishi moja huweza kuwa na rangi kadhaa. Huangaliwa idadi ya petali, mpangilio wa majani, utomvu, saa ya kufunguka na mahali mmea unapoota. Picha ya ua peke yake husaidia kidogo kuliko picha za ua, jani na mmea mzima. Marejeo makuu ya kitaalamu ni *Flora of Tropical East Africa*, yaliyokamilishwa mwaka 2012 na kueleza spishi zaidi ya 12,000.

## Sumu na hifadhi

Sehemu zote za *Gloriosa superba* zina sumu ya kolkisini, na iliyo hatari zaidi ni ile ya kiazi chake, ambacho huweza kudhaniwa kuwa chakula. *Scadoxus* nayo ina sumu. Mimea hii haifai kupandwa pale watoto wadogo au mifugo wanapoweza kuifikia.

Misitu ya pwani imepungua kwa sababu ya ukataji wa kuni na mkaa, mashamba na upanuzi wa makazi. Mkrismasi ukikatwa mtaani huweza kupandwa tena kutoka kitaluni, lakini *Baphia puguensis* hauna kitalu cha kawaida kinachouuza. Hivyo maua ya mwituni huachwa palepale yalipo, na tunguu halichimbwi hata kama linavutia.