Faragha na Kuhamia Mfumo Mpya wa Kompyuta: Suala Lionekanavyo kutoka Rumangabo

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kukita mizizi katika Kiswahili vimo vitenzi viwili, kusasisha na kuboresha. Cha kwanza kimeundwa kutokana na neno 'sasa', na cha pili kutokana na neno 'bora'. Vyote viwili vimekwisha kutoa hukumu kabla mtumiaji hajaamua lolote: anayekataa kusasisha amebaki jana, na anayekataa kuboresha amechagua kilicho duni. Hata hivyo, mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu inayotawala kompyuta nzima na kuziruhusu programu nyingine zifanye kazi, haubadiliki kwa upande wa wepesi na sura peke yake. Hubadilika pia kwa upande wa mambo unayoyajua kuhusu mwenye kompyuta na mahali unakoyapeleka mambo hayo. Makala haya yanaeleza upande huo wa pili, na yanautazama kutoka Rumangabo, katika wilaya ya Rutshuru, Kivu ya Kaskazini.

Rumangabo iko kilomita 40 na ushei kaskazini ya Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru. Hapo pana makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Hifadhi ya Albert, yenye eneo la kilomita za mraba 7,800 hivi. Hapo hapo pana kambi kubwa ya jeshi, ambayo imepita mikononi mwa wengi. Mwezi Oktoba 2008 kambi, na baadaye makao makuu ya hifadhi yenyewe, yalitekwa na wapiganaji wa CNDP, na walinzi wa hifadhi wakatoroka kupitia msituni. Mwaka 2012 M23 waliishika sehemu hiyo; jeshi la serikali likarejea Oktoba 2013; na mwishoni mwa Oktoba 2022 M23 wakaitwaa kambi tena. Walinzi zaidi ya 200 wameuawa katika historia ya Virunga. Tarehe 24 Aprili 2020 pekee, watu 17 waliuawa katika shambulio lililotokea karibu na Rumangabo, wengi wao wakiwa walinzi. Tarehe 15 Aprili 2014 mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi akiwa njiani kutoka Goma kurudi Rumangabo, akaponea chupuchupu.

Historia hii ndiyo inayolipa uzito suala la faragha mahali kama hapa. Katika miji ya Ulaya, mtu anayelalamika kwamba kompyuta yake inamchungulia aghalabu huwa anahofia matangazo ya biashara. Ofisi ya hifadhi iliyozungukwa na vita ina mambo mengine ya kuhofia. Kompyuta ya ofisi ya namna hiyo inaweza kuwa na ramani za doria, ratiba ya magari, mahali walipolala sokwe wa mlimani, orodha ya mishahara yenye majina ya walinzi na vijiji vyao, na pengine majina ya wanakijiji waliotoa habari kuhusu majangili au wachoma makaa. Jina moja likimfikia mtu asiyestahili, hasara yake haipimwi kwa fedha.

Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa kutenganishwa hapa. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha ni hali au mahali pa kujitenga, ambapo mtu hukaa pasipo jicho la mwingine, awe ana jambo la kuficha au hana. Hoja ya kwamba asiye na siri hana haja ya kuogopa inachanganya mambo haya mawili. Mke na mume wanaozungumza faraghani si lazima wawe wanakula njama. Katika Kiswahili cha Kivu, ambako msamiati wa ofisi umeathiriwa sana na Kifaransa, neno 'siri' ndilo lisikikalo zaidi vinywani mwa watu kuliko 'faragha', na yamkini jambo hilo huifanya hoja hiyo potofu iwe rahisi zaidi kukubalika.

Jinsi mfumo unavyokusanya habari

Hadi miaka ya mwanzo ya karne hii, mfumo wa Windows uliwekwa katika kompyuta kwa diski, ukafanya kazi yake hata kama kompyuta haijawahi kuunganishwa na mtandao wowote. Windows 10, uliotolewa tarehe 29 Julai 2015, ulijengwa kwa dhana tofauti: mfumo ni huduma, na huduma huhitaji mawasiliano ya kudumu baina ya kompyuta na mtengenezaji. Kompyuta hutuma taarifa za afya yake, kwa mfano programu iliyoanguka, kifaa kisichoelewana na mfumo, au muda uliotumika katika programu fulani. Kila mtumiaji hupewa namba ya kumtambulisha kwa watangazaji. Huduma ya mahali hukadiria kompyuta ilipo kwa kutumia anwani yake ya intaneti na mitambo ya mawasiliano yasiyo na waya iliyo jirani. Mengi ya haya yalikuwa yamewashwa tangu mwanzo, na aliyetaka kuyazima alilazimika kuyatafuta ukurasa kwa ukurasa. Mtumiaji wa kawaida angeweza kupunguza taarifa zinazotumwa, lakini hakuweza kuzikomesha kabisa. Ngazi ya chini kuliko zote ilitengwa kwa matoleo ya mashirika makubwa na ya elimu.

Ni haki kusema kwamba taarifa hizo zina manufaa yake. Mtengenezaji anayejua kwamba kompyuta elfu kumi zimeanguka kwa sababu moja huweza kurekebisha kasoro kabla ya nyingine hazijaanguka. Lawama ilikuwa juu ya kipimo na ridhaa. Mwezi Julai 2016 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya kulinda data, iliitaka Microsoft hadharani iache kukusanya data kupita kiasi, na ikaipa miezi mitatu. Miongoni mwa kasoro ilizozitaja ni ile namba ya matangazo iliyowashwa bila ya mtumiaji kuulizwa, na namba fupi ya siri ambayo mtu angeweza kuijaribu mara zisizo na ukomo. Mwaka 2017 kampuni ilibadilisha kurasa za kuchagulia, ikapunguza kwa karibu nusu wingi wa data zinazokusanywa katika ngazi ya msingi, na CNIL ikafunga shauri lake. Somo la tukio hili ni kwamba nusu ya data zile hazikuwa za lazima hata kwa mtengenezaji mwenyewe.

Ridhaa ilikuwa na kasa kubwa zaidi. Kwa mwaka mmoja, hadi Julai 2016, wenye Windows 7 na 8.1 walipewa mfumo mpya bure, na tangazo la kuwahimiza likawa linajitokeza katika vioo vya kompyuta zao. Katika majira ya Mei 2016 hata aliyebonyeza alama ya kufunga tangazo alihesabiwa kuwa amekubali tarehe iliyokwisha kupangwa. Mfanyabiashara mmoja wa California, ambaye kompyuta yake iliharibika baada ya kuhamishwa hivyo, alishinda dola 10,000 mahakamani.

Kisa kilicho karibu zaidi na hali ya Rumangabo kilitokea mwaka huo huo huko Chinko, hifadhi iliyo mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mawasiliano yao yalipitia setelaiti na kulipiwa kwa uzito wa data. Kompyuta mojawapo ilianza yenyewe kuvuta Windows 10, mzigo wa gigabaiti kadhaa, bila ya mtu kuiagiza. Mfanyakazi wa huko alilalamika hadharani kwamba gharama haikuwa jambo kubwa kuliko yote. Kompyuta hizo ndizo zilizotumiwa kuratibu walinzi msituni dhidi ya majangili wenye silaha za kivita, na kama moja ingezima katikati ya mapambano ili ijisasishe, watu wangeweza kufa. Hapa faragha inashikana na jambo jingine, nalo ni mamlaka juu ya chombo. Anayeweza kuiamuru kompyuta ivute kitu usiku bila ya kuuliza, anaweza pia kuiamuru itume.

Hatari ya kubaki nyuma

Baada ya hayo msomaji anaweza kudhani kwamba busara ni kubaki na mfumo wa zamani. Tukio la Mei 2017 linakanusha dhana hiyo. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry iliingia katika kompyuta za nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Kiraka cha kuziba ufa ule kilikuwa kimetolewa mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale wa Windows 7 ambao hawakukiweka. Kompyuta isiyosasishwa haina faragha ya kuilinda. Mlango wake uko wazi kwa yeyote, wala si kwa mtengenezaji peke yake. Hali huzidi kuwa mbaya pale mfumo wenyewe ulipokuwa nakala isiyo na leseni, iliyonakiliwa kutoka mkono hadi mkono, ambayo hakuna ajuaye aliyeichezea aliongeza nini ndani yake.

Microsoft ilikoma kuuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, uliotoka Oktoba 2021, unadai chipu ya usalama na kichakato cha miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi za misaada zilizofika Afrika ya Mashariki zikiwa zimekwisha kutumika kwingine haziwezi kuyatimiza. Mtumiaji wa nyumbani aliyetaka viraka vya Windows 10 kwa mwaka mmoja zaidi alipewa njia za kuvipata: kulipa dola 30, kutumia alama za zawadi za kampuni, au kukubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yake katika akaunti ya kampuni. Asiye na dola 30 alilipa kwa taarifa zake.

Toleo la kawaida la Windows 11 linamtaka mtumiaji awe na akaunti ya Microsoft na intaneti tangu siku ya kwanza. Jambo lenye utata zaidi ni usimbaji wa diski. Kompyuta nyingi mpya husimba diski zao zenyewe, hata kwamba anayeiba kompyuta hawezi kusoma kilichomo pasipo ufunguo. Kwa mahali ambapo ofisi imewahi kutelekezwa kwa haraka, kama Oktoba 2008, hii ni kinga isiyo na mfano: mashine ikiachwa mezani, orodha ya majina haisomeki. Lakini nakala ya ufunguo huo huwekwa katika akaunti ya mtumiaji, yaani katika hazina ya kampuni iliyo chini ya sheria za Marekani, ambayo hutii amri halali za mahakama. Mlinzi wa Virunga pengine hana ugomvi na mahakama za Marekani. Ana ugomvi na aliyeko bondeni mwenye bunduki. Kwake yeye biashara hiyo inaweza kuwa na faida. Kwa mwandishi wa habari au wakili anayechunguza makampuni ya kigeni ya mafuta na madini, hesabu hubadilika. Faragha haina jibu moja kwa wote, na ushauri usiouliza 'dhidi ya nani?' haufai kitu.

Kuhusu Recall, chombo kilichotangazwa tarehe 20 Mei 2024 ambacho hupiga picha za kioo cha kompyuta kila baada ya sekunde chache ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona zamani, inatosha kusema kwamba kelele za wataalamu zilikifanya kiahirishwe, na kiliporudi Aprili 2025 kilikuja kikiwa kimezimwa, kikingoja mwenyewe akiwashe. Kinafanya kazi katika kompyuta za bei kubwa tu.

Upande wa sheria, ibara ya 31 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inalinda maisha binafsi na usiri wa mawasiliano, na Kanuni ya Masuala ya Dijitali, Na. 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayohusu data za binafsi. Inadai ridhaa ya mhusika. Hapo ndipo lugha inaporudi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, na Windows nao ukapata sura ya Kiswahili katika zama za XP. Kazi hiyo ilitupa istilahi za vitufe na menyu. Lakini mtu hakubali kitufe. Hukubali masharti marefu yaliyo nyuma ya kitufe, yaliyoandikwa kwa lugha ya mawakili. Karani anayesoma neno 'Kubali' kwa lugha yake na masharti kwa lugha asiyoimudu ametoa ridhaa ya jina tu.

Kwa ofisi isiyoweza kungoja mawakili na wafasiri, kuna hatua chache zinazowezekana. Mfumo uwekwe ule ambao bado unapata viraka, uwe Windows au Linux, ambao ni huria na huvumilia mashine kuukuu. Muunganisho wa setelaiti utambulishwe kwa mfumo kuwa ni wa kulipiwa kwa kipimo, ili usivute mizigo pasipo ruhusa. Taarifa za hiari, huduma ya mahali na namba ya matangazo zizimwe siku ile ile ya kwanza. Majina ya watoa habari yasikae katika kompyuta iliyounganishwa na mtandao wowote. Diski isimbwe, na ufunguo wake uandikwe kwa wino katika karatasi, karatasi ihifadhiwe Goma au kwingineko, isiwe katika droo ya meza ile ile ilipo kompyuta.