Waya Unaokumbuka Umbo Lake: Somo la Joto kwa Reli ya Mfano

Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kwamba metali hutanuka ipatapo joto hushangaa aonapo waya ukipata joto na kufupika. Mshangao huo ndio mtaji wa somo. Mwalimu asiumalize kwa kueleza mapema mno.

Waya wenyewe ni wa aloi ya nikeli na titani iitwayo Nitinol. Aloi hiyo ilitokana na kazi ya William Buehler, aliyoianza mwishoni mwa miaka ya 1950 katika maabara ya Jeshi la Majini la Marekani huko Maryland. Waya ukiwa baridi huvutika kwa nguvu ndogo. Ukifikia sentigredi 70 hadi 90 hivi, atomu zake hurejea katika mpangilio wa awali, nao hufupika kwa asilimia 4 hivi.

Wapenzi wa reli za mfano huutumia kuinua mkono wa ishara mlingotini. Katika ishara nyingi za Uingereza, mkono ukilala, treni isimame. Ukiinuka nyuzi 45, ipite. Sumaku ya umeme huurusha mkono ghafla. Waya huu huuinua taratibu, kana kwamba kuna mtu avutaye wenzo kibandani.

Tuchukue waya wa kipenyo cha milimita 0.1 na urefu wa sentimita 10. Utafupika milimita 4. Ukifungwa milimita 5 kutoka mhimili wa mkono, utaugeuza nyuzi 45 hivi. Wanafunzi na wakokotoe kabla ya kuunda. Waya wa chuma wa urefu huo, ukiongezewa joto la nyuzi 70, hautanuki hata sehemu ya kumi ya milimita.

Ukinzani wake ni omu 12 hadi 13, na ampea 0.2 zatosha. Kwa betri mbili za tochi, yaani volti 3, kiongezwe kikinza cha omu 2 au 3. Mimi niliwahi kutumia volti 6 bila kikinza: waya ulifanya kazi mara chache, kisha ukasahau umbo lake mbele ya darasa zima. Ncha zake zibanwe kwa skrubu, kwani risasi ya kulehemu haiushiki vyema.

Jambo lisahauliwalo ni kwamba waya huvuta tu, hausukumi. Mkono wa mfano ni mwepesi mno kuweza kuurefusha tena. Hapana budi springi ndogo iuvute chini. Hapo waulize wanafunzi: waya ukikatika, mkono utabaki wapi? Wenye kufikiri watasema utalala, na treni itasimama. Kisha waulize iwapo springi ndiyo iliyokatika.